Mzazi, Mwana na Matanga: Hoja Juu ya Istilahi za Michakato ya Kompyuta kwa Mifano ya Ufuko wa Ziwa Victoria

1.0 Utangulizi

Katika mialo ya Mwanza, kitenzi chakata hakihitaji kufafanuliwa. Tangu viwanda vya minofu ya sangara vilipoanza kujengwa mjini humo mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuchakata samaki kumekuwa kazi ya kila siku na neno la kila siku. Kitenzi hichohicho hutumika kwa mkonge, na kutokana nacho Kiswahili kimepata nomino mchakato, yenye maana ya hatua zinazofuatana kuelekea tokeo fulani. Wataalamu wa kompyuta nao wameitwaa nomino hiyo: programu iliyomo katika kuendeshwa na mashine huitwa mchakato.

Hatua hiyo ya kwanza ilikuwa njema. Tatizo limo katika hatua ya pili. Mchakato wa kompyuta hauishi peke yake. Huzaa michakato mingine, huisubiri, hupashana nayo habari, na pengine hufa na kuiacha yatima. Mambo haya yote yana majina ya Kiingereza, na kila mwanafunzi anayeandika programu kwa lugha ya C hukutana nayo mapema. Mwalimu anayetaka kuyaeleza kwa Kiswahili hana budi kuokoteza: mara hukopa, mara hutafsiri neno kwa neno, mara huliruka jambo lenyewe.

Makala haya yanatoa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba istilahi za uwanja huu haziwezi kuundwa mojamoja, kwa sababu dhana zake ni ukoo. Jina la mmoja hugusa jina la mwenziwe. Ya pili ni kwamba kipimo cha istilahi ya aina hii kiwe tendo: mwanafunzi anayeliamini neno alilopewa, je, ataandika programu iliyo sahihi au yenye kosa? Mifano imechukuliwa Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria kwa sababu mbili. Kazi za ziwani zina taratibu za kugawana zamu, kupokezana mzigo na kungojana ambazo kila mkazi huzifahamu. Aidha, Kiswahili cha huko huzungumzwa na watu wengi ambao lugha yao ya kwanza ni Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kihaya. Neno linaloeleweka katika mazingira hayo lina matumaini ya kueleweka kwingineko.

2.0 Kiswahili cha mtumiaji na Kiswahili cha mtengenezaji

Haitakuwa haki kudai kwamba Kiswahili kimezembea katika sayansi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kwa upande wa kompyuta, wasomaji wanakumbuka mvutano wa maneno kompyuta, ngamizi na tarakilishi, ambao nchini Tanzania ulimalizwa na watumiaji wenyewe kwa kulipokea kompyuta, huku tarakilishi ikipata makao zaidi nchini Kenya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili. Mwaka 2011 ilitoka Kamusi Sanifu ya Kompyuta ya Omari Kiputiputi.

Ukiangaliwa mwelekeo wa jumla wa kazi za kuitafsiri kompyuta, hata hivyo, sehemu kubwa ya nguvu imeelekezwa kwa mtu anayetumia chombo kilichokwisha tengenezwa. Faili, hifadhi, hariri, chapa, futa: haya ni maneno ya mtu aliyekaa mbele ya kioo. Anayekaa upande wa pili, yaani anayeandika programu na kuamua mashine ifanye nini, hakupata lugha ya kutosha. Lugha inayotaja vitufe pasipo kutaja yanayotendeka ndani yake hubaki lugha ya mteja. Huo ndio mzizi wa suala linalojadiliwa hapa, na ndiyo sababu istilahi za michakato, ambazo huonekana kuwa za mafundi wachache, zinastahili kushughulikiwa na idara ya Kiswahili.

3.0 Kuchipuza

Inafaa ikumbukwe kwamba majina ya Kiingereza hayakushuka kutoka mbinguni. Mfumo endeshi wa Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani. Dennis Ritchie alibuni lugha ya C kufikia mwaka 1972, na mwaka 1973 kiini cha Unix, yaani sehemu inayogawa kumbukumbu na muda wa mashine kwa michakato, kiliandikwa upya kwa lugha hiyo. Wazo la kuugawa mwendo wa programu lilikwisha elezwa na Melvin Conway mwaka 1963. Douglas McIlroy, katika waraka wa mwaka 1964, alifananisha uunganishaji wa programu na mpira wa kumwagilia bustani. Wazo lake lilitiwa katika Unix na Ken Thompson mwaka 1973. Kwa maneno mengine, watu wachache walichukua vitu vilivyokuwa karibu nao wakavifanya istilahi. Hapana sababu ya wasemaji wa Kiswahili kuona haya kufanya vivyo hivyo.

Wito unaozaa mchakato mpya huandikwa fork. Jina hilo ndani ya programu halibadiliki, kwa kuwa kompaila ya C haikubali jingine. Lakini jina la wito ni kitu kimoja na istilahi ya dhana ni kitu kingine, na kuchanganya mawili haya kumewafanya wengi wadhani kwamba suala zima haliwezekani. Mwanafunzi ataandika fork. Swali ni neno gani limo kichwani mwake anapoandika.

Mwenye kufungua kamusi atakutana kwanza na uma wa mezani, na hapo safari itakuwa imekwisha kabla ya kuanza. Mwenye subira atafika kwenye njia panda. Hii ni bora kuliko uma, ila ina kasoro: kwenye njia panda msafiri ni mmoja, naye huchagua. Baada ya wito wa fork hapana uchaguzi. Wasafiri wamekuwa wawili, nao hushika njia zote mbili. Wote huendelea kutoka mstari uleule wa programu wakiwa na kumbukumbu zinazofanana. Tofauti ni jibu wanalorudishiwa: mzao hupewa sifuri, na mzazi hupewa namba ya utambulisho ya mzao wake. Mwanafunzi mwenye picha ya njia panda hushangaa kuona ujumbe alioandika mara moja ukichapwa mara mbili.

Upande wa magharibi wa ziwa, huko Bukoba, kuna mfano ulio karibu zaidi. Migomba haipandwi kwa mbegu. Chipukizi hutoka katika tunguu la mama likiwa na sifa zake zote, na kwa muda hupata chakula kutoka hukohuko kabla ya kujitegemea. Katika mfumo wa Linux mambo huenda karibu hivyohivyo. Kumbukumbu ya mzazi hainakiliwi yote kwa mara moja. Mzazi na mzao husoma kurasa zilezile mpaka mmoja wao atakapoandika, na hapo ndipo ukurasa unaohusika hutengwa. Neno kuchipuza lina faida ya kuonyesha mfanano, uhusiano na utengano kwa pamoja. Aidha linanyambulika bila taabu: mchakato huchipuza, tendo ni uchipuzaji, na kushindwa kwake, pale ambapo mfumo hurudisha jibu la hasi moja, ni kushindwa kuchipuza.

Wito wa exec, ambao huandamana na fork mara nyingi, hauzai chochote. Mchakato hubaki na namba yake lakini programu iliyomo ndani yake huondolewa na nyingine huwekwa. Mvuvi wa ziwani hapati tabu kuelewa jambo hili. Mtumbwi uleule, wenye namba ileile ya usajili, waweza kuondolewa nyavu za dagaa ukatiwa zana za kuvulia sangara. Kubadili zana kwatosha kulieleza. Hapahitajiki neno la ajabu.

4.0 Mwana, mzazi na mlezi

Kiingereza humwita mzao kwa neno linalotafsirika haraka kuwa mtoto. Tafsiri hiyo inapatikana kirahisi, lakini haifai. Mtoto kwa Kiswahili hubeba dhana ya umri na udogo. Kinyume chake ni mtu mzima. Mwana hubeba dhana ya nasaba. Mtu mwenye mvi bado ni mwana wa fulani. Katika kompyuta mchakato uliozaliwa si mdogo wala dhaifu. Waweza kutumia kumbukumbu kubwa kuliko mzazi wake na kuishi miaka baada yake. Kinachoutambulisha ni nasaba tu. Kwa hiyo mchakato mwana ni istilahi sahihi zaidi kuliko mchakato mtoto.

Hapa yapo pia masuala ya sarufi ambayo wahandisi hawatayatatua. Mchakato ni wa ngeli ya m-/mi-, ilhali mwana na mzazi ni wa ngeli ya m-/wa-. Katika maelezo ya darasani husikika sentensi kama "mtoto amekufa" na "mchakato umekufa" zikipishana ndani ya aya moja. Pendekezo la makala haya ni kwamba mchakato uwe kichwa cha kirai na ndio utawale upatanisho: mchakato mwana umekwisha, michakato wana imekwisha. Neno mwana litumikapo peke yake kwa ufupi, lifuate ngeli yake la asili. Kanuni hii ni ndogo, lakini pasipo kuifuata, vitabu viwili vya kiada vitazungumza kwa namna mbili, na mwanafunzi atadhani ni vitu viwili.

Mahali Kiswahili kinapoipita lugha chanzi ni katika malezi. Mzazi akifa kabla ya mwana, mwana huwa yatima. Unix haimwachi bila mtu. Mchakato namba 1, ambao huanzishwa na kiini mashine inapowaka, humchukua awe wake na kazi yake kubwa kwake ni kupokea taarifa ya mwisho wake. Kiingereza hutumia kwa wote wawili neno la mzazi, na mwanafunzi anapouliza namba ya mzazi wa mchakato huo hustaajabu kuona imebadilika. Kiswahili kina mzazi na kina mlezi. Hapana mtu wa Mwanza anayehitaji kufundishwa tofauti yake. Tangu toleo la 3.4 la Linux, lililotoka mwaka 2012, babu wa karibu zaidi katika nasaba aweza kujitangaza kuwa mpokeaji wa yatima badala ya mchakato namba 1. Hili nalo halileti ugumu wowote: mlezi si lazima awe mkuu wa ukoo, aweza kuwa ndugu aliye jirani.

5.0 Msukule au matanga?

Mchakato mwana unapokwisha, kiini huondoa kumbukumbu yake na kufunga faili zake. Kinachosalia ni mstari mmoja katika daftari la michakato, wenye namba yake na taarifa ya namna ulivyokwisha. Mstari huo hukaa hapo mpaka mzazi atakapoita wait na kuipokea taarifa. Katika kipindi hicho Kiingereza huuita mchakato huo kwa jina la maiti anayetembea, na katika mazungumzo ya Kiswahili cha Tanzania jina hilo huwa na tafsiri moja tayari: msukule.

Tafsiri hii yafaa ikataliwe kwa sababu mbili, na ya kwanza ni ya kisayansi. Katika imani za watu, msukule ni mtu anayedhaniwa amekufa ilhali yu hai, na usiku hutumikishwa na aliyemchukua. Sifa yake kubwa ni kazi. Mchakato unaozungumzwa ni kinyume cha hayo kwa kila hali. Umekwisha kweli, hautumii muda wa mashine, haushiki kumbukumbu, haumtumikii yeyote. Mwanafunzi aliyepewa msukule atautafuta kama mwizi wa nguvu za mashine, atajaribu kuuua, na atashangaa kwamba haufi. Haufi kwa sababu umekwisha kufa. Dawa yake haiko kwake, iko kwa mzazi.

Sababu ya pili ni ya adabu. Vigezo vya uundaji istilahi vya Kibuuka Kiingi wa Uganda, vijulikanavyo kwa kifupisho cha PEGITOSCA, vinataka istilahi iepukane na maneno yenye kuaibisha au kutweza. Kanda ya Ziwa, Usukumani hasa, ni eneo ambalo tuhuma za uchawi zimegharimu maisha ya vikongwe wengi katika miongo iliyopita. Si busara kulifanya neno la tuhuma hizo kuwa mzaha wa darasani.

Kiswahili kina neno jingine ambalo linaeleza hali hii kwa usahihi wa kushangaza, nalo ni matanga. Marehemu amekwisha ondoka na kazi zake zimekoma. Lakini jina lake bado linatajwa, watu wamekaa, na shughuli haijafungwa. Kuna jambo moja lililosalia, nalo ni la wahusika: kupokea habari zake, kumaliza yanayopaswa na kuanua tanga. Mchakato wa namna hii na uitwe mchakato matangani. Kupokea taarifa yake na kuufuta daftarini ndiko kuanua tanga. Mwanafunzi anayeambiwa "michakato mia mbili iko matangani" atauliza swali lililo sahihi mara moja: mzazi wao yuko wapi, na mbona hajaja?

Madhara ya kulikosa swali hilo ni halisi. Ichukuliwe programu ya kubuni inayopokea kwa mtandao uzito wa samaki waliopimwa katika mialo mbalimbali. Kila taarifa inapoingia, mchakato mkuu huchipuza mwana wa kuishughulikia. Mwandishi wake amesahau kuita wait. Siku ya kwanza kila kitu huenda vema. Daftari hujaa taratibu, na katika Linux kikomo cha kawaida cha namba za michakato kwa muda mrefu kilikuwa 32,768. Kikomo kikifikiwa, fork hurudisha hasi moja na programu haiwezi tena kupokea chochote, ingawa mashine ina nafasi tele. Aliyekuwa anawinda misukule hataliona kosa. Aliyekuwa anahesabu matanga ataliona.

6.0 Bomba, honi na mizani

Michakato hupashana habari kwa njia kadhaa, na kila moja inataka jina linaloonyesha mipaka yake.

Njia ya kwanza hufaa kuitwa bomba, na hapa tafsiri ya moja kwa moja yatosha, ila ikamilishwe. Mradi wa maji wa Ziwa Victoria uliozinduliwa mwaka 2009 huvuta maji Ihelele, wilayani Misungwi, na kuyapeleka Kahama na Shinyanga. Maji hayarudi nyuma. Bomba la C nalo ni la upande mmoja. Lina mdomo wa kutilia na mdomo wa kutolea, na uwezo wake una kikomo, ambacho katika Linux kwa kawaida ni baiti 65,536. Likijaa, mwenye kutia husimama mpaka mwenye kutoa apunguze. Likiwa tupu, mwenye kutoa husubiri.

Neno mdomo ni la lazima katika maelezo hayo. Wakati wa kuchipuza, mwana hurithi nakala za midomo yote miwili. Msomaji hatambui kwamba habari zimekwisha mpaka kila mdomo wa kutilia, popote ulipo, uwe umefungwa. Asipoufunga wake mwenyewe, atangoja milele habari ambazo hakuna wa kuzitia isipokuwa yeye. Kwa upande mwingine, midomo yote ya kutolea ikifungwa, mwenye kuendelea kutia hupelekewa ishara ambayo kwa kawaida humkomesha. Mvuvi aliyepeleka samaki mwaloni akakuta wanunuzi wote wameondoka analijua jambo hili kwa uchungu.

Njia ya pili ni ishara, na mfano wake ni honi ya meli bandarini. Honi haisimulii kitu. Hujulisha tu kwamba jambo fulani limefika. Ishara za Unix nazo kwa kawaida hubeba namba tu, si ujumbe kamili kama wa bomba. Wito unaozituma huitwa kill, na hapa tafsiri ya kuua imepotosha wengi, kwa kuwa si kila ishara huua. Ile ya kumwomba mchakato amalize kazi yaweza kupokewa, na mchakato ukapata nafasi ya kufunga faili zake kwa utaratibu. Ishara namba 9 haizuiliki. Tendo lenyewe liitwe kutuma ishara, na neno la kukomesha liachiwe namba 9. Mwanafunzi atajifunza kutanguliza ombi kabla ya amri, jambo ambalo neno kuua halimfundishi.

Njia ya tatu ni kumbukumbu ya pamoja, ambapo michakato kadhaa husoma na kuandika mahali pamoja. Mwaloni kuna mizani. Wawili wakitundika samaki kwa wakati mmoja, uzito unaosomwa si wa yeyote kati yao. Kosa la aina hiyo katika programu halitokei kila mara; hutokea pale tu nyakati zinapogongana, na ndiyo maana ni gumu kulikamata. Watu wa mwaloni hulizuia kwa zamu. Semafo, chombo kilichobuniwa na Edsger Dijkstra katika miaka ya 1960, ni kifaa cha kulinda zamu. Chombo na kiendelee kuitwa semafo, lakini kazi yake iitwe jina lake la Kiswahili.

Namna dhana hizi zinavyoshikana huonekana vizuri zaidi katika kosa moja la kawaida. Mzazi huchipuza mwana ampelekee matokeo kwa bomba, kisha huita wait kwanza, akikusudia kusoma baadaye. Matokeo yakiwa machache, programu hufanya kazi. Yakizidi uwezo wa bomba, mwana husimama akingoja mzazi apunguze, na mzazi amesimama akingoja mwana aishe. Hapana ujumbe wa kosa unaotolewa. Ni kimya tu. Huu ni mkwamo, na mwenye istilahi zilizoshikana aweza kuusimulia kwa sentensi moja: mzazi amekaa kungoja matanga ya mwana ambaye bado anamimina. Mwenye maneno ya mkopo yasiyohusiana hana sentensi hiyo, na hivyo hana pa kuanzia kutafuta kosa.

7.0 Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba lugha ya kufundishia sekondari na vyuoni nchini Tanzania ni Kiingereza, na kwamba miongozo ya C imeandikwa kwa lugha hiyo. Basi istilahi za Kiswahili ni mzigo wa pili kwa mwanafunzi. Hoja hii ina uzito. Lakini yapuuza yanayotendeka baada ya mhadhara, wanafunzi wanapokaa wawiliwawili mbele ya mashine moja na kuulizana kwa nini programu imenyamaza. Mazungumzo hayo, kwa walio wengi, huwa ya Kiswahili, na huko ndiko uelewa hujengwa. Swali ni kama yatakuwa mazungumzo ya watu wenye maneno au ya watu wanaoashiria kioo kwa kidole.

Wengine watasema tukopeni yote, kwa kuwa mkopo ni wa kimataifa na hauna ubishi. Historia ya neno kompyuta inawaunga mkono kwa kiasi. Makala haya hayapingi mkopo. Kompyuta, programu, baiti, kompaila na semafo ni majina ya vitu, na jina la kitu hukopeka bila hasara. Dhana za nasaba, malezi, matanga na zamu ni majina ya mahusiano. Mkopo wake huleta sauti na kuacha uhusiano nyuma, wakati uhusiano ndio somo lenyewe.

Wa tatu watahofia kwamba picha za ukoo na msiba ni nzito mno kwa mashine. Hofu hiyo ingekuwa na msingi kama picha hizo zingeletwa na Kiswahili. Zimo tayari katika Kiingereza, tena kwa ukali zaidi, kwa kuwa huko mwana huuawa, huku huombwa amalize. Kinachopendekezwa ni kuzipa picha hizo taratibu zake kamili, pamoja na heshima.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamependekeza kuchipuza, mchakato mwana, mchakato mzazi, mlezi, mchakato matangani, kuanua tanga, mdomo wa bomba, kutuma ishara, kulinda zamu na mkwamo. Yawezekana baadhi yatakataliwa, na hilo si kitu. Lililo muhimu ni utaratibu wa kuyapima. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, ndilo lenye mamlaka ya kusanifisha. TATAKI na idara za Kiswahili za vyuo vingine zina wajibu wa utafiti. Kwa istilahi za aina hii, utafiti huo ufanyiwe darasani kabla ya kikao cha usanifishaji. Wanafunzi wapewe dhana moja kwa majina mawili, kisha waandike programu, na zihesabiwe zile zilizoacha michakato matangani, zilizosahau kufunga midomo ya bomba na zilizokwama. Jina lililoleta makosa machache lipewe nafasi.

Kazi hiyo haimsubiri mhandisi peke yake wala mwanaisimu peke yake. Mhandisi ajua mzazi asipoita wait kunatokea nini. Mwanaisimu ajua kwa nini mwana si sawa na mtoto. Mpaka sasa wawili hawa wamekuwa wakifanya kazi katika majengo tofauti ya chuo kilekile, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Wasomaji watakuwa wameshatambua hali hiyo inaitwaje.